Moto Hutafutwa Kabla Jua Halijazama

Pembeni mwa Ziwa Eyasi, Mhadzabe anayetaka moto hana haja ya kiberiti. Huketi chini, akalaza kijiti cha mti laini juu ya bapa la kisu, akakikanyaga kisitikisike, kisha akasimamisha kijiti kingine kirefu kwenye tundu lake na kuanza kukipekecha kwa viganja viwili. Mikono hushuka, hurudi juu haraka, hushuka tena. Akichoka, mwenzake humpokea kabla tundu halijapoa. Wageni wengi hupiga picha ya mikono hiyo. Mimi ningewaomba watazame chini, kwenye ule unga mweusi unaodondoka juu ya kisu.

Unga ule ndio jambo lenyewe. Msuguano huusaga mti na kuuchoma kwa wakati mmoja. Moshi ukiendelea kupanda hata baada ya mikono kutulia, ujue ndani ya unga mmeshakuwa na kaa, dogo kama punje ya choroko. Kaa hilo halina mwali. Liweke juu ya ukuni, hata uwe mkavu namna gani, litakufa hapo hapo. Mhadzabe hulimimina kwenye fumba la nyasi kavu alizokwisha kuzifikicha, akalikunja, akalivuvia kwa pumzi ndefu isiyo na pupa. Moshi hugeuka mweupe na mzito, halafu mwali huruka ghafla. Kama nyasi zile hazikuandaliwa mapema, jasho lote la kupekecha limekwenda bure.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi wanaopenda kulala porini hununua vyuma vya kutoa cheche kwa bei kubwa, wakafika kambini jioni hawana hata konzi moja ya kitu kikavu cha kupokea cheche hizo. Ukuni mnene hauwaki upesi: una maji ndani, na maji hayo lazima yatoke kwanza. Unyuzi mwembamba hupata joto mara moja, na hewa huufikia pande zote. Basi anayejua kuwasha moto hutembea mchana akiokota.

Mtu wa pwani hana sababu ya kuhangaika, maadamu mnazi uko karibu. Pale juu, makuti yanapoota, kuna kilifu, ule utando wa nyuzi unaofanana na kitambaa kilichofumwa. Kikikauka, kifikiche mkononi mpaka nyuzi ziachane. Chini ya mti kuna makumbi. Yachambue nyuzi zake na utapata fumba linaloshika kaa na kulitunza bila haraka. Tena kumbi zima hufuka kwa muda mrefu. Karara kavu lililopasuliwa vipande hufuata, na kifuu hutoa moto mkali wa kuchemsha maji. Mti mmoja umekutolea kila hatua, kuanzia unyuzi hadi kaa la kupikia. Sioni mti mwingine ulio karimu hivyo.

Ukienda bara kidogo, Tanga na Morogoro, kuna mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kipande cha kamba kuukuu ya katani, kikifumuliwa na kupigwa-pigwa, huwaka vizuri sana. Sufi nayo hushika upesi mno, lakini huisha kabla hujageuka. Ichanganye na nyasi au nyuzi za kumbi.

Mbugani, tazama kinyesi cha tembo. Tembo hula sana na kusaga kidogo, hivyo zaidi ya nusu ya alichokula hutoka kikiwa bado nyuzi. Kikishakauka juani, hufuka polepole, na moshi wake hufukuza mbu. Wamasai wana kinyesi kikavu cha punda cha kupokea kaa la kupekecha. Anayeona kinyaa na alale gizani.

Masika ndiyo huwapima watu. Usiokote kuni zilizolala chini. Tafuta tawi lililokufa likiwa bado limening'inia mtini. Lipasue, maana katikati kwake ni pakavu hata kama gome linachuruzika maji, kisha uchonge vinyuzi kwa kisu. Kwenye misindano, kama ile ya Sao Hill kule Mufindi, tafuta kifundo kilichojaa utomvu. Huwaka hata kikiwa na unyevu.

Na nyumbani? Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando huwaka dakika kadhaa, wakati pamba tupu huisha mara moja. Kipande cha tyubu ya baiskeli hakijali mvua, ila moshi wake si wa kuwekea nyama. Mfuko wa rambo, tuliozoea kuutumia kuwashia mkaa kabla haujapigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, haukustahili kamwe kuwa karibu na chakula.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutouacha moto ufe. Septemba 1991, kwenye milima ya Alpi, mpakani mwa Italia na Austria, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa yapata miaka 5,300 iliyopita. Mkobani alikuwa na uyoga wa mtini wa kushikia cheche. Alikuwa pia na chombo cha gome kilichotiwa majani yaliyochumwa mabichi, na ndani yake vipande vya makaa. Alikuwa akisafiri na moto wake. Huku kwetu, vijijini, mtoto bado hutumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa.

Lakini kinachotunza kaa kwa hiari yako hulitunza pia usipotaka. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa lenye uoto kwenye Mlima Kilimanjaro, na taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zilieleza kuwa ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Kinyesi, makumbi, mizizi na mboji hufuka chini kwa chini saa nyingi baada ya mwali kuzimika. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mwaga maji, vuruga majivu kwa kijiti, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu. Ukihisi joto, ongeza maji.