KUNUNUA NA KUUZA HISA KWA SIKU CHACHE



Hapa Lilongwe, na kwa ndugu zetu wa Dzaleka, swali hili limeulizwa mara nyingi: je, ni kweli mtu anaweza kununua hisa leo, akaziuza baada ya wiki mbili, akala tofauti? Ni kweli, anaweza. Lakini kwanza tuione mashine yenyewe inavyokwenda.

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Soko la Hisa la Malawi liko Blantyre. Lilianza biashara ya hisa Novemba 1996 kwa kampuni moja tu, ile ya bima ya NICO. Siku hizi zimo mabenki, kampuni za simu, hoteli, na hata Illovo yenye mashamba ya miwa ya Nchalo na Dwangwa. Basi mkata miwa aweza kuwa na hisa katika kampuni inayomwajiri. Siku ya mkutano wa wenye hisa ataitwa bwana. Kesho yake atarudi kwa mnyapara.

Huendi sokoni mwenyewe, unapitia kwa dalali mwenye leseni. Naye hukata pande mbili, ukinunua na ukiuza. Tuseme anakata asilimia 2 kila upande. Umenunua hisa 100 kwa kwacha 1,000 kila moja: umetoa 102,000. Bei ikapanda hadi 1,030 ukauza: unapokea 100,940. Bei imepanda, nawe umepoteza kwacha 1,060! Hapo mpaka bei ifike 1,041 ndipo faida inaanza.

Jambo la pili ni wanunuzi. Soko letu ni dogo. Hisa nyingine hukaa siku nyingi bila bei kusogea, na ukitaka kuuza huenda asiwepo wa kununua. Hili ni zito kwa ndugu wa Dzaleka. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na wenye maduka Lilongwe wakafunga kwa haraka. Siku kama hiyo mtu anahitaji fedha mkononi, si hisa inayosubiri mnunuzi Blantyre.

Tena bei kupanda si lazima uwe umetajirika. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, dola ikatoka karibu kwacha 1,180 hadi 1,700. Hisa iliyopanda asilimia 10 mwezi ule haikufidia hata mafuta ya kupikia.

Kenya nako tukumbuke. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, na wako waliokopa ili wazipate. Siku za kwanza bei ilipita 7. Mwaka uliofuata ilikuwa imeshuka chini ya 4. Aliyeuza mapema alipata. Aliyekopa akangoja alilipa riba juu ya hasara. Kwa hiyo fedha za benki mkhonde, za karo na za chakula zisiingie humo.

Anayetaka kujifunza aanze na daftari. Chagua kampuni moja, andika bei yake kila siku, jifanye umenunua. Kabla ya hapo andika bei mbili: ya kuuzia ukipata, na ya kutokea ukipoteza, wala usizibadili. Fanya hivyo miezi mitatu, na kila mara utoe malipo ya dalali, pande zote mbili.