KUTAFUTA ALAMA ZA UAKIFISHAJI KATIKA WARAKA WA KOMPYUTA

Waraka wa Serikali husomwa na wengi, na alama moja isiyokuwa pahala pake huweza kugeuza maana ya agizo au kiwango cha fedha. Programu ya Microsoft Word, inayotumika katika ofisi nyingi, ina njia ya kuzisaka alama hizo katika kurasa zote kwa pamoja, badala ya kuzipitia kwa jicho mstari baada ya mstari.

Mwandishi hubonyeza vitufe vya Ctrl na H kwa pamoja, hufungua sehemu ya "More", kisha hutia alama katika kisanduku cha "Use wildcards". Kuanzia hapo baadhi ya alama huwa ni kaimu, yaani hushika nafasi ya nyingine. Kiulizo hukaimu herufi moja yoyote, na nyota hukaimu mfuatano wowote wa herufi. Hapa ndipo penye hatari. Mwenye kutaka kugeuza viulizo kuwa nukta, akaandika kiulizo kitupu na kuamuru vibadilishwe vyote, ataukuta waraka mzima umekuwa nukta. Kiulizo chenyewe hutafutwa kwa kutanguliziwa mkwaju wa nyuma, hivi: \? Nukta na mkato hazikaimu chochote, hivyo huandikwa kama zilivyo.

Mabano ya mraba hukusanya alama kadhaa katika utafutaji mmoja. Mathalan, [.,;:\?] hutafuta nukta, mkato, nukta mkato, nukta pacha na kiulizo. Ili kuondoa nafasi iliyoachwa kimakosa kabla ya alama hizo, katika kisanduku cha kutafuta hupigwa nafasi moja, kisha ([.,;:\?]), na katika kisanduku cha kubadilisha huandikwa \1, maana yake kilichopatikana ndani ya mabano ya duara kirejeshwe kama kilivyo.

Aidha, mkato usioachiwa nafasi baada yake unahitaji hadhari. Anayeagiza kila mkato ufuatwe na nafasi atakigeuza kiasi cha Sh. 1,500,000 kuwa 1, 500, 000, na msomaji atashindwa kujua ni fedha ngapi. Njia ya salama ni kutafuta ,([A-Za-z]) na kubadilisha kwa mkato, nafasi na \1. Hivyo tarakimu haziguswi.

Kiswahili nacho kina ritifaa katika ng'. Jina la Ng'ambo likiandikwa Ngambo huwa limeharibika. Kutafuta [Nn]gambo huonesha kila pahala ritifaa ilipokosekana. Herufi zote mbili hutiwa kwa sababu utafutaji wa aina hii hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Watumishi wanashauriwa kuhifadhi nakala ya waraka kabla ya kuanza, kubadilisha moja baada ya moja, na kutumia Ctrl na Z kurejesha kilichoharibika. Tarakimu za fedha na tarehe zilinganishwe na rasimu ya awali kabla ya waraka kutiwa saini.