Usiuze spika kuukuu kwa bei ya chuma chakavu

MSIMU wa kuuza pamba unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia mwezi Mei, fedha huanza kuzunguka katika vijiji vya Shinyanga, na maduka ya vyombo vya muziki ni miongoni mwa yanayozipokea. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, kuanzia Katoro hadi Nyarugusu na Rwamgasa, hali ni tofauti kidogo: huko msimu haufuati mvua, unafuata mawe.

Lakini pande zote mbili mwisho hufanana. Mnunuzi huondoka dukani na sabufa mpya yenye taa za rangi, na spika za zamani zilizokuwa sebuleni husukumwa stoo au nyuma ya nyumba, zikimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani.

Wengi hawajui kuwa mara nyingi kilichokufa katika spika hizo ni utepe mwembamba wa sponji unaoizunguka karatasi ya mbele. Sumaku, fremu ya chuma, koili na boksi la mbao, ambavyo ndivyo vyenye thamani, bado ni vizima. Anayeuza kwa kilo anauza mtaji, na anayenunua huku akijua afanyalo anapata faida ambayo mwenye mali angeweza kuipata mwenyewe.

Zilivyoingia majumbani

Kwa miaka mingi chombo cha muziki katika nyumba nyingi za Tanzania kilikuwa redio moja yenye spika moja ndogo ndani. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa, na redio kaseti kubwa na amplifaya zenye spika mbili za boksi zikawafikia watu wengi zaidi kuliko awali.

Spika nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa ukingo wa sponji, kwa kuwa sponji ni nyepesi na huiacha karatasi icheze kwa uhuru ili kutoa besi. Tatizo ni kwamba sponji ya aina hiyo huliwa na hewa, unyevu na mwanga wa jua. Baada ya miaka 10 hadi 20 hugeuka unga, hata kama spika haijapigwa kwa nguvu. Ndiyo maana spika mbili zilizonunuliwa siku moja huharibika karibu wakati mmoja, na mwenye nyumba hudhani zimeungua.

Zile zenye ukingo wa kitambaa au mpira hudumu zaidi. Si ajabu kukuta spika kongwe ya kitambaa ikilia vizuri, wakati mdogo wake wa sponji amekwisha kimya.

Sumaku nayo ina historia yake. Spika nyingi za zamani zilitumia sumaku yenye madini ya kobalti. Mwaka 1978 vita katika jimbo la Shaba nchini Zaire, yaani eneo la Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya sasa, vilitikisa upatikanaji wa kobalti na bei yake ikapanda mno. Viwanda vingi vikahamia kwenye sumaku nyeusi iliyo kama kigae, ambayo ndiyo inayoonekana nyuma ya spika nyingi hadi leo. Fundi anapaswa kujua tofauti hii kwa sababu sumaku ya kobalti ikifunguliwa kutoka kwenye chuma chake hupoteza nguvu, na kuirudishia kunahitaji mashine maalumu. Kanuni ni moja: sumaku haifunguliwi.

Kupima kabla ya kuuza

Upimaji wa awali hauhitaji mtaalamu. Kwanza amplifaya izimwe na nyaya za spika zichomolewe. Kisha karatasi ya spika isukumwe taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kwa usawa, iingie ndani na kurudi. Ikienda kimya, koili imekaa sawa. Ikikwaruza, ama koili imevimba kwa kuungua, ama imepinda, ama kuna chembe za chuma zilizonaswa kwenye sumaku. Katika maeneo ya vumbi na machimbo, hili la mwisho lisisahaulike.

Hatua ya pili ni mita. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma kati ya omu 5.5 na 7 hivi, na ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.5. Mita isiposoma kitu, waya umekatika au koili imeungua. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeshikana, na spika hiyo isiunganishwe kwenye amplifaya kwa sababu itaua kifaa chenye thamani kubwa kuliko yenyewe.

Asiye na mita anaweza kutumia betri moja ya redio ya volti 1.5. Ncha za waya zikigusishwa kwa sekunde moja tu, spika nzima hutoa mlio mfupi na karatasi hucheza. Upande chanya wa betri ukiwa kwenye alama ya kujumlisha, karatasi husogea mbele.

Spika iliyovuka vipimo hivi, lakini ukingo wake umeoza, ndiyo isiyostahili kwenda kwenye mizani.

Kubadili sponji

Kazi hii ni ya subira kuliko nguvu. Sponji ya zamani hukwanguliwa yote kutoka kwenye fremu na kwenye karatasi, na mabaki ya gundi husafishwa kwa spiriti kidogo. Afanyaye afunike pua na mdomo, kwa kuwa ule unga si wa kuvuta.

Kosa kubwa ni kununua sponji kwa kutaja inchi za spika peke yake. Spika mbili zinazoitwa za inchi 10 zinaweza kuwa na karatasi za ukubwa tofauti. Vipimo vinavyotakiwa ni upana wa karatasi yenyewe, upana wa tundu la fremu, na upana wa ukingo wa nje ambapo sponji hubandikwa.

Kutumia mpira wa tyubu ya baiskeli badala ya sponji ni njia ya mkato inayoharibu kazi. Mpira huo ni mzito na mgumu, karatasi haichezi, na besi hupotea. Gundi nayo iwe inayobaki laini ikikauka. Inayokauka kama kioo hupasuka siku muziki ukipanda.

Siri ya kazi nzima iko kwenye kuiweka koili katikati. Nafasi kati ya koili na chuma cha sumaku haizidi unene wa karatasi chache. Fundi makini hufungua kikofia cha katikati, hupachika vipande vyembamba vya plastiki kuizunguka nguzo ya chuma, ndipo hubandika sponji. Akiwa humo ndani hutumia tepu ya kunata kuzoa chembe za chuma. Vipande huondolewa gundi ikishakauka kabisa, na saa 24 si nyingi. Mteja anayemharakisha fundi achukue spika jioni ile ile ananunua mkwaruzo.

Koili ikiwa imeungua, husukwa upya kama mota, lakini waya uwe wa unene ule ule, mizunguko ile ile na urefu ule ule. Ikibadilika, omu hubadilika, na amplifaya ndiyo italipa.

Kuiboresha kwa gharama ndogo

Baada ya ukarabati kuna mambo manne yanayoinua sauti bila kununua spika nyingine.

La kwanza ni kapasita ndogo ndani ya boksi, ile inayoizuia besi isiifikie twita. Zile za aina ya maji hukauka kwa umri, na sauti kali za juu hufifia. Mpya iwe na mikrofaradi sawa na ya zamani, volti sawa au zaidi, na isiwe ile yenye upande wa chanya na hasi.

La pili ni nyaya. Waya mwembamba kama uzi hupoteza nguvu njiani. Kwa umbali wa sebule au baa ndogo, waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha. Muhimu zaidi, chanya iende chanya kwa spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, moja husukuma wakati nyingine inavuta, na besi huyeyuka hewani. Malalamiko mengi ya kukosa besi hutibiwa hapa, bila senti.

La tatu ni boksi lenyewe. Mbao zilizoachia zibanwe kwa gundi ya mbao, na upenyo kuzunguka spika uzibwe. Tundu la duara lililowekwa na kiwanda lisizibwe, kwani lina kazi yake.

La nne mkulima analo nyumbani. Pamba iliyochambuliwa, ikitandazwa kwenye kuta za ndani za boksi na kushikiliwa kwa kitambaa chepesi, hupunguza mwangwi wa mbao na kuifanya sauti itulie. Isigusane na nyuma ya spika, isizibe tundu, na ikae mbali na vifaa vinavyopata moto. Isiwe na mbegu, la sivyo panya watahamia humo.

Wati za kwenye katoni

Sababu inayowafanya wengi watupe spika kuukuu ni namba iliyoandikwa kwenye katoni ya mpya. Wati 3,000 au 5,000 zinazofuatiwa na herufi PMPO si nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa kuendelea. Njia ya kujua ukweli ni kugeuza chombo na kusoma nyuma kinatumia umeme kiasi gani. Kinachovuta wati 60 kwenye ukuta hakiwezi kutoa wati 3,000 mbele.

Spika kubwa za zamani nyingi zina sifa isiyoandikwa kwenye katoni: hugeuza umeme mdogo kuwa sauti kubwa. Sifa hiyo hupimwa kwa desibeli. Spika yenye desibeli 90 hutoa kwa wati moja sauti ambayo ile ya desibeli 87 huitoa kwa wati mbili.

Kwa anayetumia sola au betri ya gari, hii ni fedha. Chombo kinachovuta wati 60 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 5. Betri ya saa-ampea 50 ikitumiwa hadi nusu, ili isife mapema, muziki utadumu saa 5. Ulaji ukishuka hadi wati 30, utadumu saa 10. Kwa kibanda cha video au grosari isiyofikiwa na gridi, tofauti hiyo ni usiku mzima wa biashara.

Hesabu ya mfanyabiashara

Kwa anayetaka kununua spika mbovu, kuzitengeneza na kuziuza, hesabu iandikwe kabla ya kununua. Tuchukulie jozi imenunuliwa kwa Sh15,000, sponji mbili Sh20,000, gundi Sh5,000, kapasita mbili Sh6,000, fundi Sh25,000 na nauli Sh4,000. Jumla ni Sh75,000. Ikiuzwa Sh120,000, kinachobaki ni Sh45,000. Tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu, si bei ya soko.

Lakini koili moja ikigundulika imeungua na kusukwa kwake kukagharimu Sh30,000, faida inabaki Sh15,000. Ndiyo maana upimaji hufanyika mbele ya muuzaji, kabla fedha haijatoka mfukoni. Jozi yenye koili zote mbili zilizoungua, karatasi iliyochanika na boksi lililoliwa na mchwa, iachwe.

Hiyo nayo haikosi kazi. Katika uchimbaji mdogo wa dhahabu sehemu nyingi duniani, sumaku ya spika hutumika kuondoa mchanga mweusi wenye chuma kutoka kwenye mchanga mzito wa dhahabu. Sumaku ya spika iliyokufa inafaa sana. Kuvunja spika nzima kwa ajili hiyo ni kuchoma ghala upate mkaa.

Ya kuzingatia

Omu zisichezewe. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na mbili za omu 4 huwa omu 2, mzigo ambao amplifaya nyingi za nyumbani haziuwezi. Vilevile, amplifaya ndogo inayofunguliwa hadi mwisho huunguza twita haraka kuliko kubwa inayopigwa kwa kiasi, kwa sababu sauti iliyokatwa vichwa hubeba joto.

Kufungua amplifaya ni kazi ya fundi. Hata ikichomolewa ukutani, kapasita zake kubwa hubaki na umeme unaoweza kuumiza.

Wenye baa na kumbi wakumbuke pia kuwa zipo kanuni za mazingira za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo. Spika iliyotengenezwa vizuri husikika safi bila kupandishwa sana, na majirani hulala.

Kabla msimu ujao haujafunguliwa, mwenye spika stoo azitoe, azifute vumbi na kuzisukuma kwa vidole. Zikienda kimya, mwenye mizani apite tu, na fundi ndiye aitwe.