Fundi wa Masufuria Aliyekataa Kunyamaza

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, hapa Mji wa Kale, Mombasa, alikuwa akipita mtaani kwetu fundi wa kuziba masufuria. Begani kabeba mkoba wa nyundo, koleo na vipande vya bati, akinadi kazi yake mlango kwa mlango. Mama zetu walimtolea sufuria zilizotoboka, naye akaketi barazani, akapuliza makaa, akalehemu. Alipokwenda zake, sisi watoto tulimwiga na kumcheka. Siku moja maalim wetu alitusikia. Hakutupiga. Alituuliza tu: "Wali mliokula jana, ulipikwa ndani ya nini?"

Swali hilo lilinirudia miaka mingi baadaye, niliposoma habari za fundi mwingine wa kazi iyo hiyo, Mwingereza, jina lake John Bunyan. Dini yake si yetu, wala simwandiki kwa ajili ya dini yake. Namwandika kwa ajili ya kazi yake, ahali yake, na neno lililomfunga.

Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa masufuria, na mwana akarithi nyundo. Skuli aliionja kidogo tu. Alipooa, yeye na mkewe hawakuwa na sahani wala kijiko. Alichokuja nacho mke ni vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Mtoto wao wa kwanza, Mary, alizaliwa kipofu.

Siku moja kazi ilimpeleka Bedford. Huko akawakuta wanawake maskini wameketi mlangoni juani, wakizungumza habari za Mungu kwa furaha ambayo yeye hakuwahi kuijua. Akasogea, akasikiliza. Kwa mlango huo akaingia katika jamii ya Wabaptisti, Wakristo ambao humbatiza mtu akiwa amekwisha kuamini mwenyewe, si mtoto mchanga. Hata hivyo, Bunyan alishika kuwa maji ya ubatizo yasiwe ukuta wa kuwatenga waumini. Fundi akawa mhubiri wa mashambani.

Mwaka 1660 ufalme ulirudi Uingereza, na wahubiri wa nje ya kanisa la serikali wakaanza kuandamwa. Novemba mwaka huo Bunyan akakamatwa kwa sheria kongwe ya mwaka 1593. Aliambiwa: toa ahadi kwamba hutahubiri, uende nyumbani. Akakataa. Kifungo cha miezi mitatu kikageuka miaka 12.

Sasa, msomaji wangu, tutazame nyumbani. Mke wa kwanza alikwisha kufa na kuacha watoto wanne. Mke wa pili, Elizabeth, aliolewa mwaka 1659 na alikuwa mja mzito. Habari za kukamatwa kwa mumewe zilimshitua hata uchungu ukamshika kabla ya wakati, na mtoto akafa. Lakini mama huyu hakukaa kulia. Alisafiri hadi London kuwapelekea wakubwa ombi lake. Agosti 1661 akasimama mbele ya majaji Bedford, akawaambia kuwa mumewe anadharauliwa na kunyimwa haki kwa sababu ni fundi wa masufuria na ni maskini. Jaji Matthew Hale alimwonea huruma, wenziwe walimkaripia. Alitoka analia, na mlango wa gereza haukufunguka.

Hapa ndipo kalamu yangu inaposita. Je, ni haki mtu kushika neno lake, na watoto wake wakalipa? Bunyan mwenyewe alijiuliza. Aliandika kwamba kutengana na mkewe na watoto kulikuwa kama kubanduliwa nyama mifupani, na aliyemuuma zaidi ni yule kipofu. Hakujifanya jiwe. Gerezani alisuka kamba za kufungia nguo, zenye ncha za madini, zikauzwa ili watoto wale. Mkono mmoja kazi, mkono mmoja kalamu.

Sisi wa Mombasa tunalijua jambo hili. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa maandishi yake, na tungo za gerezani zikatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki.

Bunyan aliachiwa mwaka 1672. Mwaka 1678 kikachapishwa kitabu chake cha msafiri aendaye mji wa mbinguni, ambacho kimefasiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kimojawapo. Lakini tazama: mwaka 1685, akihofia kukamatwa tena, aliandika hati ya kumpa Elizabeth mali yake yote. Jina lake lilikwisha kuenea, na bado katika hati hiyo alijitaja kwa kazi yake ya ufundi.

Mwaka 1688 alipanda farasi kwenda mji wa Reading kumpatanisha baba na mwanawe waliokosana. Alifaulu. Akiwa njiani kwenda London mvua ikamnyeshea, homa ikampata, na tarehe 31 Agosti akafariki.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vyaundwa. Kitabu chake chaelea duniani hadi leo. Walioliunda jahazi hilo ni fundi mmoja, mke aliyesimama mbele ya majaji, na watoto waliokula jasho la kamba.

Yule fundi wa mtaani kwetu sikupata kulijua jina lake.