Mke Akipasuliwa, Mume Naye Ana Kazi

Ukipita alasiri katika hospitali zetu za kusini mwa Pwani, iwe ya Msambweni au ya Kwale, saa za kuwazuru wagonjwa zinapokaribia utawaona kina mama wakingoja na vikapu vyao. Huyu ana chupa ya uji, yule ana bakuli la mchuzi na kanga safi iliyokunjwa vyema. Kando kidogo, kivulini, wamesimama wanaume wawili watatu, mikono mitupu. Mwulize mmoja wao amemjia nani, naye atakujibu kwa upole: "Mama watoto kapasuliwa. Lakini mamake yumo ndani, anamtazama."

Jibu hilo, ndugu msomaji, lina adabu, na pia lina kasoro. Lina adabu kwa sababu wadi ya wanawake wamelala wake za watu, si mahali pa mwanamume kukaa kutwa. Lina kasoro kwa sababu bwana huyo amekwisha kujivua kazi iliyo yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Na tukikumbuke kisa cha Sayyidna Uthman bin Affan. Katika mwaka wa 2 Hijria, yaani 624, Waislamu walipotoka Madina kuelekea Badr, mkewe Bibi Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa hoi kitandani. Mtume alimwamuru Uthman abaki amwuguze, na akamwahidi ujira na fungu sawa na la mtu aliyehudhuria vita. Bibi Ruqayya hakupona. Habari za ushindi ziliingia Madina wakati anazikwa. Hata hivyo Uthman alihesabiwa miongoni mwa watu wa Badr. Wenzake walikuwa vitani. Yeye uwanja wake ulikuwa kando ya kitanda cha mkewe.

Je, kazi yenyewe ni ipi? Huanza kabla ya kisu. Ni mume kuhakikisha mambo ya bima yako sawa, maana NHIF ya zamani iliondoka, na tangu Oktoba 2024 mahali pake pana SHA. Ni kutafuta ndugu wa kutoa damu, kama itahitajika. Ni kumwuliza daktari bila haya: mnapasua nini, atalala siku ngapi, na akirudi nyumbani asifanye nini?

Mgonjwa akishazinduka katika nusukaputi, haraka ya kumlisha si mapenzi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini wa aliyepasuliwa tumbo, daktari huulizwa kwanza. Wauguzi wakiruhusu, mshike mkono atembee hatua chache. Wengi hudhani kumwacha alale tu ndiko kumhurumia, kumbe kulala mno huweza kugandisha damu miguuni na kuleta maradhi ya kifua. Akitaka kukohoa, mpe mto aubane juu ya kidonda, maumivu yatapungua.

Lakini mtihani mkubwa uko nyumbani. Hospitalini kuna manesi, na wiki ya kwanza wageni hujaa barazani. Baadaye mavyaa hurudi kwake, mawifi hutawanyika, na mama watoto hubaki na kidonda chake, ndoo tupu na watoto wenye njaa. Hapo ndipo wengi huumia. Aliyepasuliwa tumbo kwa kawaida hukatazwa kubeba vitu vizito kwa muda wa wiki 6 hivi. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Basi nani atakwenda kisimani?

Hali kadhalika mila zetu za uzazi. Miongoni mwa operesheni kubwa zinazofanywa sana ni ile ya kumtoa mtoto tumboni. Kukandwa kwa maji moto na kufungwa tumbo kwa nguvu kusifanywe juu ya kidonda kibichi mpaka daktari aulizwe, wala kidonda kisitiwe dawa ya majani. Mume ndiye awezaye kulisema neno hili kwa wazee, kwa heshima. Na mambo ya unyumba nayo yangoje ruhusa ya daktari. Subira hiyo ni sehemu ya uuguzi.

Akiona homa, kidonda kimekuwa chekundu au kinatoa usaha, mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi zinambana, asingoje kupambazuke. Amrudishe hospitali saa hiyo hiyo.

Zaidi ya hayo, kuna yasiyoonekana kwa macho. Mgonjwa huweza kulia bila sababu, au kukasirika kwa jambo dogo. Asijibiwe kwa ukali. Aletewe maji ya udhu alipo, na akumbushwe kuwa dini ni nyepesi: asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Naye aliyekatazwa kulowesha kidonda ana ruhusa yake katika sheria, amwulize sheikh amfafanulie.

Najua hofu ya wengi wetu. Mwanamume akionekana anasukuma baiskeli yenye mitungi ya maji, au anakoroga uji jikoni, watu wa barazani watacheka: "Huyo kakaliwa na mkewe!" Na wacheke. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Aliyefanya hivyo hakupungukiwa na heshima hata chembe.

Basi ewe bwana uliyesimama kivulini, ingia. Saa za kuzuru zikiisha, nenda nyumbani ukajaze mitungi, mkeo akirudi aikute imejaa.