Jina la Mti na Usalama wa Mgonjwa: Faida ya Hifadhi ya Mimea Iliyokaushwa

Mgonjwa anapofika katika zahanati ya Handeni na kueleza kuwa alikunywa dawa ya mwarobaini, mhudumu wa afya hana budi kujiuliza: ni mti upi hasa? Mwarobaini, ambao kisayansi huitwa Azadirachta indica, hufanana na mmelia, Melia azedarach, na watu huichanganya miti hiyo miwili. Matunda ya mmelia yana sumu iwezayo kuleta kutapika, kuharisha na hata degedege. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu. La mmelia limegawanyika mara mbili au zaidi. Dawa ikishasagwa, tofauti hiyo haionekani tena kwa macho.

Majina ya kienyeji huongeza utata. Handeni na Korogwe huishi Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Mmea mmoja waweza kuwa na majina kadhaa, na jina moja likabeba mimea tofauti.

Hapo ndipo inapohitajika hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Tawi lenye majani, maua au matunda hubanwa kati ya magazeti, hukaushwa, kisha hubandikwa juu ya karatasi nene. Lebo hutaja jina la kisayansi na la kienyeji, mahali, tarehe, mkusanyaji na matumizi. Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 ikiwa kitengo cha utafiti, ina hifadhi ya namna hiyo. Mtafiti akiweka humo sampuli kutoka Handeni, wenzake wanaweza kuhakiki miaka mingi baadaye ni mmea gani uliochunguzwa. Hata hivyo, sampuli huthibitisha utambulisho wa mmea tu. Haithibitishi kwamba dawa yaponya, wala haionyeshi kipimo kilicho salama.

Mhudumu wa afya amwulize mgonjwa bila kumkaripia: alitumia nini, sehemu gani ya mmea, kiasi gani na lini. Matibabu yasicheleweshwe; wakati yakiendelea, ndugu wanaweza kuleta dawa iliyobaki pamoja na tawi la mmea wenyewe, likiwa na maua au matunda yakipatikana. Tawi lifungwe kwa gazeti, si mfuko wa plastiki unaolivundisha, na liandikwe jina la kienyeji, mahali na tarehe. Nawe mgonjwa, usione haya kutaja dawa uliyotumia, kwani taarifa hiyo humsaidia mhudumu kukutibu ipasavyo.