Kompyuta Inapoganda Mtandaoni: Chunguza Ukurasa Kabla ya Kuilaumu Mashine

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya shule alitujia na lalamiko dhidi ya fundi. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa ikiganda karibu kila jioni: kishale kinasimama, kibodi haiitikii, feni inavuma kwa nguvu. Fundi alimwambia kuwa mashine imeingiliwa na virusi, akafuta diski yote na kuweka upya programu endeshi. Malipo hayakuwa madogo, lakini kilichomuuma zaidi ni orodha ya madeni ya wateja wake, ambayo ilikuwa humo na haikuwa na nakala popote. Jioni ya siku ileile aliyoichukua, mashine iliganda tena. Tulipomuuliza alikuwa amefungua nini, alitaja ukurasa mmoja wa bei za jumla ambao huufungua kila anapofunga duka.

Tutarudi kwa fundi huyo. Kwanza ni vyema kueleza namna ukurasa wa intaneti unavyoweza kuikwamisha kompyuta nzima, kwa kuwa watumiaji wengi hudhani ukurasa ni kitu cha kusomwa tu, mfano wa gazeti.

Kivinjari kinapofungua ukurasa, hupokea maandishi na picha, na pamoja navyo hupokea maagizo yanayotekelezwa ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Maagizo hayo huandikwa kwa lugha ya JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape. Ni nadra mtayarishaji wa tovuti kuandika maagizo yote kwa mkono wake. Huchukua maktaba, yaani mafungu ya maagizo yaliyokwisha kuandikwa na watu wengine: moja ya kuchora ramani, nyingine ya kuonyesha kalenda, nyingine ya kuhesabu wageni au kuleta matangazo. Maktaba mashuhuri ya jQuery, kwa mfano, ilitolewa mwaka 2006 na hadi leo imo katika tovuti nyingi mno. Utaratibu huu hauna ubaya. Seremala naye hafui misumari yake. Ila mtumiaji afahamu kwamba ukurasa mmoja unaweza kuvuta maktaba kutoka seva kadhaa, za watu ambao mwenye tovuti hajapata kuonana nao, na kwamba zote hutumia kichakataji, kumbukumbu na bando la huyo aliyefungua ukurasa.

Kuganda huja kwa njia mbili. Kwa kawaida maagizo ya ukurasa hutekelezwa katika foleni moja, agizo baada ya agizo, na foleni hiyohiyo ndiyo inayoshughulikia kubofya na kuandika kwako. Agizo moja likizunguka bila kikomo, mibofyo yote husubiri nyuma yake. Hapo kivinjari huleta ujumbe kwamba ukurasa hauitikii, na kukuuliza kama utasubiri au utaufunga. Hii ndiyo njia nyepesi, kwa sababu aghalabu ukurasa huo peke yake ndio unaokwama.

Njia ya pili ni nzito zaidi. Maktaba yenye kasoro huweza kuendelea kuomba kumbukumbu bila kuirudisha. Ukurasa ulioachwa wazi tangu asubuhi huvimba kidogo kidogo, na kumbukumbu inapojaa, programu endeshi huanza kuhamishia sehemu ya data kwenye diski, ambayo ni ya polepole kuliko kumbukumbu yenyewe. Katika kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka, kama zilivyo nyingi zinazouzwa zikiwa zimekwisha kutumika, mashine nzima husimama, hata ile programu ya kuandikia barua isiyohusika kabisa na intaneti. Kwa sababu hiyo fundi asiyeuliza maswali huona mashine mbovu, ilhali tatizo liko katika ukurasa.

Isidhaniwe pia kwamba tovuti ya kuaminika haiwezi kuleta matatizo haya. Tarehe 11 Februari 2018, wahalifu waliingilia faili la Browsealoud, maktaba ya kampuni ya Texthelp inayowasomea kwa sauti watu wenye shida ya kusoma. Tovuti zaidi ya 4,000 zilikuwa zikiitumia, zikiwemo za idara za serikali ya Uingereza na hata ya kamishna wa nchi hiyo anayesimamia ulinzi wa taarifa binafsi. Kwa saa kadhaa, kila aliyezifungua aliwafanyia kazi wahalifu bila kujua: kichakataji chake kilitumika kuchimba sarafu ya kidijitali iitwayo Monero, kupitia msimbo wa huduma ya Coinhive. Tovuti zenyewe hazikuvunjwa. Kilichoguswa ni maktaba waliyoiazima. Coinhive ilifungwa mwezi Machi 2019, lakini mbinu hiyo haikuondoka nayo.

Basi ufanye nini mashine inapoganda? Usikimbilie kitufe cha kuzimia umeme, hasa ikiwa una kazi ambayo hujaihifadhi. Subiri dakika moja au mbili. Ikiwa unatumia Windows, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager, kisha tazama ni programu ipi inayotumia kumbukumbu nyingi au kichakataji kingi. Ikiwa ni kivinjari, usikifunge chote mara moja. Chrome na Edge zina orodha yao ya ndani, inayofunguliwa kwa Shift na Esc ukiwa ndani ya kivinjari, na humo kila ukurasa na kila kiendelezi huonyeshwa peke yake pamoja na kiasi cha kumbukumbu kinachotumia. Mara nyingi mmoja huwa umezidi wenzake mbali sana. Uchague huo, uusimamishe, na mashine itaanza kupumua.

Ukilazimika kukifunga kivinjari chote, kuwa mwangalifu unapokifungua tena. Kitakuuliza kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi. Kataa. Watu wengi hukubali kwa mazoea, ukurasa wenye kasoro hurudi nao, na mashine huganda kabla hawajamaliza kuandika neno la kwanza.

Baada ya hapo thibitisha chanzo. Fanya kazi kwa saa moja bila kufungua kivinjari. Mashine ikiganda hata hivyo, ukurasa hauhusiki, na huenda ni joto, diski au kumbukumbu inayochoka, mambo ambayo kweli ni ya fundi. Isipoganda, fungua ukurasa unaoushuku katika dirisha la faragha, ambalo katika Chrome hufunguliwa kwa Ctrl, Shift na N. Humo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa uliviruhusu mwenyewe. Ukurasa ukienda vizuri humo, shuku kiendelezi ulichoweka, ukizime kimoja kimoja hadi umpate mkosaji. Ukiganda humo pia, ujaribu katika kivinjari kingine au katika kompyuta ya jirani. Ukikwama kote, kasoro ni ya tovuti, na hakuna kipuri utakachonunua kitakachoiondoa. Mwandikie mwenye tovuti ukitaja ukurasa, saa, kivinjari ulichotumia na maneno ya ujumbe ulioonekana, nywila usimpe. Kwa maoni yetu, taasisi yoyote inayowalazimu wananchi kujaza fomu mtandaoni ina wajibu wa kuijaribu fomu hiyo katika kompyuta dhaifu, maana ndizo walizonazo wananchi wengi.

Kuna kuganda kwa aina moja ambako hakutokani na kasoro bali na hila. Ukurasa hujitanua na kujaza skrini, sauti ya onyo hulia, na maandishi husema kwamba kompyuta yako imefungwa na kwamba upige simu namba fulani. Hakuna kilichofungwa. Ni msimbo uleule wa ukurasa, umeandikwa makusudi ili ushindwe kutoka na uingiwe na hofu. Usipige namba hiyo, usilipe, na usimruhusu mtu yeyote asiyejulikana kuiongoza kompyuta yako kutoka mbali. Bonyeza kitufe cha Esc na ukishikilie kwa sekunde chache. Kisha funga kivinjari kwa Task Manager kama tulivyoeleza, na ukatae kurejesha kurasa.

Turudi kwa fundi wa yule mfanyabiashara. Hakukosea kwa kushindwa kujua maktaba za tovuti. Si kila fundi huzijua. Alikosea kwa kufuta diski bila kuuliza ni lini mashine huganda na nini huwa kimefunguliwa, na bila kumwuliza mwenyewe kama ana nakala ya kazi zake. Kabla hujaacha kompyuta kwa fundi, mwombe aandike tatizo alilolibaini, kazi anayokusudia kuifanya na gharama yake. Akisema atafuta diski, nakili kwanza faili zako mahali pengine, au akufanyie hivyo mbele yako. Chukua risiti yenye maelezo ya kazi iliyofanyika. Ukiwa na lalamiko, uje ofisini kwetu na risiti hiyo, maandishi ya fundi, na kumbukumbu uliyoiandika ya siku, saa na kurasa zilizokuwa wazi mashine ilipoganda.